Askari Hawarudi

Nilishika nyeupe. Ukumbi wa klabu, Nizwa,
raundi ya saba, ile ya mwisho,
kiyoyozi kikikohoa juu ya kichwa cha mwamuzi,
karaki yangu imeshafunga utandu kikombeni.
Mbele yangu Thuwaiba, miaka kumi na mitano,
hina imemchuja kwenye vidole,
binti wa mgawa maji wa falaji.

Nikasukuma askari wa mfalme, hatua mbili,
kama nilivyofundishwa barazani Ng'ambo
na mjomba Mbaruku, aliyeapa kwa ndevu zake:
Mwenye kati ndiye mwenye mji.

Yeye akatoa farasi. Farasi tu, peke yake,
akamsimamisha mbele yangu
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau ametumwa nini.
Nikamfukuza. Akahama.
Nikamfukuza tena. Akahama tena,
na binti hata hakuinua uso.

Hatua ya tano, nina askari wanne mbele,
wamejipanga, vifua wazi.
Nikawatazama kama nilivyoitazama nyumba yangu ya Al Khoudh
siku fundi aliponikabidhi funguo:
sebule ya kati, nguzo mbili, taa ya vioo,
mkopo wa miaka ishirini.
(Hakuna anayekaa sebuleni. Sote tunaishi jikoni.)

Ndipo akamsogeza ndovu,
vitabu humwita askofu, mjomba alimwita fili,
akamtia kwenye kijishimo kando ya mfalme wake.
Hatua moja. Ungesema anamficha.
Nikacheka moyoni: ndovu gani huyu wa kukaa chumbani?

Lakini maji ya falaji hayaanzi pale unapoyaona.
Huanza mbali, chini ya mlima, gizani,
kwa mteremko mdogo jicho lisioujua,
hata yatokeze mtendeni kwako alfajiri
ukashangaa nani kayaleta.
Mstari wa ndovu yule ulikuwa hivyo:
kutoka pembe yake,
chini ya nyayo za askari wangu mwenyewe,
hadi pembe yangu, ambako ngome ililala
haijaamka tangu mchezo uanze.

Akagonga ubavuni. Si kati. Ubavuni.
Nikajibu. Akagonga ubavu wa pili.
Askari wangu mmoja akabaki anaelea
kama ngazi iliyosahauliwa ukutani,
na kila nilichokileta kumlinda
nilikitoa mahali palipokihitaji.

Saa ya mezani: yeye dakika thelathini na nane,
mimi sita.
Safu ya nyuma baba yake ameketi na bakora.
Hajui sataranji, alikuwa akiitazama saa tu,
jicho la mtu aliyezoea kugawa nusu saa kwa nusu saa
bila kumdhulumu yatima wala tajiri.
Mara akainuka, akavaa viatu mlangoni, akaenda.
Zamu ya shamba la mtu ilikuwa imefika.
Binti hakugeuka.

Hatua ya ishirini na sita alikula askari wa kati.
Ya ishirini na tisa, ndovu akatoka chumbani kwa mara ya kwanza,
akavuka ubao mzima kwa pumzi moja,
akaila ngome yangu usingizini.
Nikatafuta jibu kwenye utandu wa chai.
Nikamlaza mfalme ubavu, taratibu,
asije akagonga mbao akasikika.

Tukatia saini. Mwamuzi akaandika: nyeusi.
Thuwaiba akaanza kurudisha kete, zangu kwanza.
"Ami," akasema, "kwa nini hukurudi nyuma mapema?"
"Askari hawarudi, binti yangu."
"Najua," akasema. "Ndiyo maana nikakuacha uwapeleke."

Nikaendesha hadi nyumbani, kioo kimeshushwa,
milima myeusi kushoto na kulia,
barabara katikati, taa zake zote zinawaka.
Nikapita sebuleni bila kuwasha taa.
Jikoni walikuwa wanamenya vitunguu.
"Vipi?" akauliza mke wangu.
Nikavuta kigoda cha pembeni, karibu na jokofu.
"Nipe kisu," nikasema.